Nguvu ya Wengi

Wasikilizaji wetu, wahenga walisema, wengi wape. Neno hili lafaa sana katika baraza la shauri. Lakini leo twapenda kuutazama upande wake wa pili: jinsi kundi liwezavyo kumtendesha mtu jambo ambalo peke yake asingelitenda.

Chitete imo katika wilaya ya Momba, nayo Momba imepakana na Zambia. Huko ng'ambo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, walipita vijana waliotoka Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, wakijigamba kuwafichua wachawi. Waliitwa watu wa mchape, na mambo yao yakaenea hata Tanganyika. Bibi mmoja Mwingereza, Audrey Richards, aliyekaa na Wabemba, aliandika habari zao mwaka 1935. Wanakijiji walipangwa mstari, wakapita mmoja mmoja nyuma ya mganga, naye akawatazama katika kioo kidogo. Aliyetajwa kuwa mchawi alitakiwa azitoe pembe zake za dawa.

Je, ni nani aliyewalazimisha kupita? Si jeshi wala pingu. Asiyekwenda alishukiwa palepale: kama hana hila, mbona ajificha? Basi kila mmoja alikwenda kwa kuwaogopa wenzake, na wenzake walikwenda kwa kumwogopa yeye. Bibi Richards alipozichungua pembe zilizotolewa, aliona kuwa nyingi ni vyombo vya dawa zisizodhuru.

Tusiwacheke watu wale. Mwaka 1951 mtaalamu wa Marekani, Solomon Asch, alitoa habari ya jaribio lake. Aliwaonyesha watu mistari mirefu na mifupi, naye alikuwa amepatana kwa siri na wengine waseme uongo. Yapata robo tatu ya waliopimwa waliufuata uongo ule walau mara moja, ingawa macho yao yaliiona kweli. Lakini alipopatikana mwenzi mmoja tu wa kuisema kweli, waliopotea walipungua sana.

Hapo ndipo penye fundisho letu. Siku umati utakapolitaja jina la bibi kizee na kumwita mchawi, tusingoje kuona wengine watasemaje. Na tuulize kwa sauti: nani ameona kwa macho yake? Huenda jirani zetu wengi wanalo swali hilo hilo moyoni, nao wangoja mmoja aanze.