Mbwa Mkali na Mwenye Mbwa

Leo tuzungumze juu ya mbwa wakali.

Mwaka 1991 Uingereza ilikataza kufuga aina 4 za mbwa. Mmoja ni pitibuli. Mababu zake walifugwa ili wapigane na mbwa wenzao. Wako waliomfuga wasemao ni mpole, hucheza na watoto. Wengine wameumwa naye nyumbani mwao. Je, tumwamini nani?

Tutazame hapa kwetu. Mbwa wetu wa kijijini hana sifa mbaya. Lakini akifungwa kamba kutwa, akapigwa, akashindishwa njaa, atakuwa mkali. Mwenyewe husema, "Huyu haumi." Kweli, hamwumi yeye anayempa chakula. Na mtoto wa jirani je?

Tena hata mbwa mpole aweza kupata kichaa. Kichaa cha mbwa kikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara huua. Basi, mchanje mbwa wako kila mwaka. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kisha nenda hospitali siku ile ile, ukachomwe sindano. Usingoje kidonda kipone.

Mbwa akiuma, wa kuulizwa ni mwenye mbwa.