Nauli ya Kurudi Ipililo

Binti akitoka Ipililo, mkoani Simiyu, kwenda kulea mtoto Mwanza au Dar es Salaam, nauli ya kwenda hulipwa haraka. Shida huja siku ya kuachishwa: anakabidhiwa mfuko wake wa nguo mlangoni, ajue mwenyewe pa kwenda. Sheria hairuhusu hilo. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi alikomchukua, au ampe nauli ya basi hadi kituo cha karibu na huko, pamoja na fedha za kujikimu akisubiri safari. Ndiyo maana karatasi ya ajira lazima itaje alikoajiriwa. Mzazi, hakikisha imeandikwa Ipililo.

Sheria hiyohiyo inampa saa 24 za mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kwa mshahara, amri ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayeishi kwa mwajiri. Kilikuwa kidogo mno kwa mtu anayeamka usiku na mtoto, na hata hivyo walikuwapo waajiri wasiomfikishia. Akidhulumiwa mshahara, afike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Akiachishwa isivyo halali, ndani ya siku 30.