Mwalimu wa Lugha Naye Ni Mwanafunzi

(Hotuba iliyotolewa baada ya futari mbele ya walimu wa madrasa, wazazi na vijana wa Kibera na Kawangware)



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Masheikh wetu, maustadh na maustadha, baba zetu na mama zetu, vijana wenzangu. Nimepewa dakika ishirini na nimeonywa nisile muda wa tarawehe, kwa hivyo nitajitahidi kufupisha. Nimeombwa nizungumze juu ya namna walimu wetu wa lugha ya Kiarabu wanavyoweza kujiendeleza katika kazi yao. Na niseme mapema: sikusimama hapa kuwafunza watu walionifunza mimi alifu na bee. Nimesimama kukiri kosa langu, kisha tushauriane.

Mimi ni mtoto wa Kawangware. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani nikingoja chuo kikuu, na nikaombwa nisaidie kufundisha katika madrasa moja Kibera. Umri wangu miaka kumi na minane, hakuna aliyeniuliza kama najua kufundisha. Niliulizwa tu kama nimehitimu Juzuu Amma. Nikapewa chumba, ubao, na watoto zaidi ya arobaini.

Siku moja tukisoma Suratul Fatiha, binti mmoja wa miaka tisa aliinua mkono. Akaniuliza, "Ustadh, na'budu ni nini?" Ndugu zangu, wallahi nilikuwa najua tafsiri ya aya nzima kwa kukariri, lakini lile neno lenyewe, peke yake, sikujua nilielezeje. Nikaona aibu mbele ya watoto. Badala ya kusema "sijui, nitauliza", nikamkemea: "Wewe soma tu! Maana utaijua ukubwani." Darasa likacheka. Yule binti akashusha mkono, na tangu siku ile hakuuliza tena. Baada ya muda akaanza kukosa, mara leo yuko kesho hayuko, mwisho akaacha kabisa. Nilipouliza nikaambiwa familia imehama mtaa, na hakuna aliyejua wamehamia wapi.

Miaka miwili baadaye niko chuo kikuu, katika somo la Kiswahili. Mhadhiri anaeleza maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu. Akaandika ubaoni: abudu, ibada. Moyo wangu ulishtuka. Lile jibu nililolikosa lilikuwa mdomoni mwa yule binti mwenyewe! Kila siku anasikia "ibada", kila siku anasikia "tumuabudu Mungu". Kazi yangu ilikuwa kumwonyesha tu kwamba na'budu na tunaabudu ni ndugu wa tumbo moja. Jibu la sekunde tano. Sikuwa nalo kwa sababu hakuna aliyewahi kunifundisha kufundisha lugha, na mimi mwenyewe sikutafuta.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Watoto wetu wanasoma vizuri, tajwidi nzuri mashallah, lakini wengi wanatoka madrasa baada ya miaka minane hawawezi kuelewa sentensi tatu za Kiarabu. Tusikimbilie kulaumu watoto. Tujiulize sisi walimu: mara ya mwisho kujifunza kitu kipya ilikuwa lini?

Kujifunza ni sunna ya walimu wetu wa kwanza. Zayd bin Thabit (r.a.), kijana wa Madina, aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee na kumwandikia barua zao, na imepokewa kwamba aliyaweza kwa muda wa nusu mwezi hivi. Huyu ni mwandishi wa wahyi, na bado aliambiwa nenda kasome. Sasa mimi na wewe ni nani hata tuseme tumemaliza?

Najua mtaniambia: "Kijana, hayo ni mazuri, lakini pesa ziko wapi?" Ni kweli. Mwezi wa Septemba 2021 Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ilizindua mpango wa walimu wake kuendelea kusoma wakiwa kazini, na hata wao wenye mshahara walilalamikia ada. Maalim wa madrasa ya mtaani hayumo katika mpango huo. Na mlango wetu mwingine, Khartoum, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki walikwenda kusoma Kiarabu na kusomea ualimu wake, ulitikiswa na vita vilivyoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023. Wanafunzi wa Kenya walirudishwa nyumbani wakiwa hawajamaliza. Tuwaombee dua ndugu zetu wa Sudan. Lakini pia tutafute njia ambayo iko hapa hapa mtaani.

Ninazo nne.

Kwanza, tutembeleane darasani. Hili si jambo geni kwa Waislamu wa Kenya. Katika miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa Pwani waliona watoto wao wanabaki nyuma wakiingia shule ya msingi. Wakaomba msaada kwa Aga Khan, na shule ya kwanza ya chekechea ya mpango wa madrasa ikafunguliwa Mombasa mwaka 1986. Mwalimu aliyeanza nayo ni Bi Swafiya Said. Baadaye mpango ukafika Zanzibar na Uganda. Walimu wake walikuwa akina mama na mabinti wa mitaa ile ile, wengi hawakuwa na cheti cha ualimu. Walifunzwa, na hawakuachwa hapo. Mkufunzi alikuwa akiwafuata mpaka darasani, anaketi, anatazama, kisha wanazungumza. Na vifaa vyao vya kufundishia walitengeneza kwa vitu vya karibu, kama vifuu na vizibo vya soda.

Sisi tunashindwa na nini? Kutoka Kibera hadi Kawangware wengi wetu tunatembea kwa miguu. Mwalimu wa Kawangware aje Kibera Jumamosi moja, akae nyuma pamoja na watoto, na daftari lake. Aandike mambo mawili mazuri aliyoyaona na moja la kurekebisha. Mawili kwa moja, ili mwenzake asivunjike moyo. Wiki inayofuata zamu igeuke. Na iwe ni siri yao wawili, isifike kwa kamati wala barazani. Mtu akijua atasemwa, atafunga mlango.

Pili, tutumie lugha tulizo nazo. Kiswahili chetu ni ghala la Kiarabu. Chukua Suratul Fatiha hiyo hiyo: mtoto anayejua rehema, kumiliki, dini, ibada, neema na ghadhabu, tayari ana funguo sita mkononi. Akienda jikoni atakuta sukari, kahawa, samaki na sahani. Akihesabu, sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Mwalimu ajiwekee daftari, kila wiki aandike maneno kumi ya namna hii kutoka katika sura anayofundisha. Lakini awe mwangalifu, maana ndugu wengine wamebadilika tabia. Neno "karibu" kwa Kiarabu ni kitu kilicho jirani; ukimwambia Mwarabu mlangoni "qarib" hataelewa kwamba unamkaribisha ndani.

Na hapa Kibera tuna hazina nyingine. Wanubi ndio walioipa Kibera jina lake. Kibra kwa lugha yao ni msitu. Wazee wao walikuwa askari wa asili ya Sudan katika jeshi la Mwingereza, na Kinubi chao kilizaliwa katika kambi za askari kutokana na Kiarabu. Bibi wa Makina akihesabu utamsikia: wai, tinen, talata, arba, kamsa. Kinubi si Kiarabu cha Qur'ani, sarufi yake ni nyingine kabisa, na tusiwaambie watoto wa Kinubi kwamba lugha ya nyumbani kwao ni Kiarabu kilichoharibika. Hiyo ni lugha kamili. Tuwaambie kwamba wao wana daraja ambalo wengine hawana. Mwalimu asiye Mnubi akae na bibi kama huyo nusu saa, atatoka na maneno ya kufundishia mwezi mzima.

Tatu, tukiseme Kiarabu. Wengi wetu tunajua nahau, tunaweza kuirabu jumla nzima, lakini mtu akituuliza bei ya nyanya kwa Kiarabu tunababaika. Lugha usiyoisema huwezi kumfanya mtoto aiseme. Nashauri walimu tukutane saa moja kwa wiki, Kiarabu kitupu, hata kama ni cha kukwamakwama. Vitabu vipo. Kile cha Durusul Lugha cha Dr. V. Abdur Rahim wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina wengi mnakijua. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa India, hakuzaliwa na Kiarabu mdomoni. Alifariki mwaka 2023, Allah amrehemu. Na simu mlizo nazo mifukoni zina kinasa sauti. Jirekodi ukifundisha dakika kumi, usikilize usiku peke yako. Mimi nilijirekodi nikagundua kwamba katika dakika kumi watoto walisema maneno machache sana, mengine yote nilisema mimi. Nilidhani nafundisha, kumbe nahutubu!

Nne, na hili ni zito, tuache kuficha kutojua kwetu nyuma ya ukali. Mimi sikumpiga yule binti, lakini nilimpiga kwa ulimi. Katika nchi yetu viboko shuleni vilipigwa marufuku tangu 2001, na katiba ya 2010 ikatia mkazo. Lakini sisi tuna dalili kubwa kuliko hiyo. Sahaba Muawiya bin al-Hakam (r.a.) alizungumza ndani ya swala kwa kutojua. Watu wakamkodolea macho. Swala ilipokwisha Mtume (s.a.w.) hakumkemea, hakumpiga, hakumtukana, alimweleza tu swala ni nini. Na yule sahaba akashuhudia kwamba hakuwahi kuona mwalimu bora kuliko yeye, kabla wala baada. Ndugu zangu, lugha hujifunzwa kwa kukosea. Mtoto anayeogopa kukosea hatasema, na asiyesema hatajua. Mwalimu akiulizwa asilolijua, aseme "Allahu a'lam, nitakuletea jibu kesho," na kesho alilete kweli. Hilo nalo ni somo.

Sasa niwageukie wazazi, maana mzigo huu si wa maalim peke yake. Tunalipa masomo ya ziada ya hesabu bila kunung'unika, lakini ada ya madrasa inangojewa mpaka mwisho wa mwezi, na mara nyingine mpaka mwisho wa mwaka. Maalim anafundisha asubuhi, mchana anatafuta kibarua, jioni anarudi ubaoni amechoka. Huyo atasoma saa ngapi? Madrasa yenye watoto 60, kila nyumba ikitoa shilingi 50 za ziada kwa kila mtoto kwa mwezi, ni shilingi 3,000. Hizo ni nauli za siku za mvua, ni daftari, ni kitabu. Na mtoto akirudi nyumbani usimuulize tu "umefika wapi?" Muulize, "leo umeelewa neno gani?" Mwalimu akijua nyumbani wanauliza hivyo, naye atajiandaa.

Na nyinyi vijana wenzangu mlio vyuoni, msiseme madrasa mmeshaiacha. Anayesomea ualimu aje atufunze kupanga somo. Anayejua kompyuta atuchapie maneno. Ukiwa na Jumamosi moja tu kwa mwezi, inatosha kuanzia.

Namaliza. Mimi na ustadh mmoja wa Kibera tumeshakubaliana: Jumamosi ya pili baada ya Idd nitakwenda kukaa nyuma ya darasa lake, na wiki inayofuata atakuja kwangu. Nina hofu, sitawaficha, maana si rahisi mtu kukaa anakutazama. Anayetaka kuungana nasi anione nje baada ya tarawehe, niandike jina lake. Tukiwa wanne tutashukuru, tukiwa kumi tutashukuru zaidi.

Na kama hapa kuna mzazi aliyehama Kibera na bintiye alikuwa akisoma kwetu, akaacha kwa sababu ustadh mmoja alimcheka mbele ya wenzake, tafadhali amwambie kwamba ustadh huyo anaomba radhi. Na amwambie na'budu ni tunaabudu. Swali lake lilikuwa swali zuri.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu, utunufaishe kwa uliyotufundisha, na uwalipe kheri walimu wetu waliotangulia. Zikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.