Barua ya Binti wa Chuo

Juzi mzee mmoja aliniuliza: "Mwalimu, binti yangu wa chuo anataka nauli ya Dar es Salaam, akajifunze kazi kwenye studio ya katuni za elimu. Niuze mbuzi kwa ajili ya michoro?"

Nikamwuliza, wajukuu wako wanamjua Kibena? Akacheka. Wanamjua. Kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza mwaka 2014, kinafundisha hesabu kwa Kiswahili. Yuko anayetunga hadithi, anayechora, anayeingiza sauti. Kazi hiyo ni kama kuvua, utaijulia ziwani.

Lakini, nikasema, leta barua ya chuo uisome mwenyewe. Miezi mingapi? Atalala wapi? Posho ipo? Jana kaileta, akaisoma polepole. Posho haikutajwa. Mbuzi yupo bado, tumeandika kuuliza.