UREA SI CHUMVI YA NG'OMBE
(Maneno ya Katibu kwa wafugaji wa Moa)

Ndugu wanaushirika,

Mwenzetu kaniuliza, eti urea inaongeza maziwa, kwa nini tusimpe ng'ombe kiganja kila jioni? Hapana, ndugu. Tutaua ng'ombe.

Hebu sikilizeni. Tumbo kubwa la ng'ombe lina vijidudu visivyoonekana. Vinachukua naitrojeni ya majani, hata ya urea, vinaifanya protini, ndipo ng'ombe anapata maziwa. Lakini vijidudu navyo vinataka nguvu ya kufanyia kazi: pumba, molasi. Zikikosekana, naitrojeni inabaki amonia tupu, inaingia kwenye damu. Ini linahangaika kuigeuza itoke na mkojo, na nguvu ya maziwa inapotelea huko. Ikizidi, ng'ombe anatetemeka, anavimba tumbo, anaanguka. Mpeni siki na maji baridi mengi upesi, huku mwingine anakimbilia bwana mifugo.

Mimi nilipoteza mtamba hivyo hivyo. Mfuko niliuacha wazi, akaulamba. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, si mchezo!

Kweli, hawa chotara walioenea mkoani kwetu tangu mradi wa Waholanzi wa 1985 hawatoshi kwa nyasi kavu. Basi wakatieni glirisidia na lukina (lukina isizidi theluthi ya chakula, ina sumu yake), mchanganye na pumba na mashudu ya nazi. Urea ya kulainisha mabua ni mpaka bwana mifugo awepo apime.

Jumamosi asubuhi tunapanda vijiti vya glirisidia. Kila mtu na panga lake.

Katibu wa Tawi