Nimonia ya Mzee Hupimwa Damu

Nimonia ya mzee ina hila. Kijana huwaka homa; mzee huenda asipate homa kabisa, ila aanze kuchanganyikiwa na kukataa chakula. Nyumbani husemwa ni uzee tu.

Ndiyo maana daktari huagiza damu ipimwe. Yurea ikipita milimoli 7 kwa lita, ni alama moja. Kuchanganyikiwa, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, presha kushuka sana: kila dalili alama moja. Mwenye miaka 65 au zaidi tayari ana moja kabla hata hajadungwa sindano. Zikifika 3, ugonjwa ni mkali, na kwa kawaida hulazwa. Mzee akichanganyikiwa ghafla, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.