Maneno kwa Wafanyakazi wa Kolwezi Juu ya Matope ya Kingamyambo



Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 450,000. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 2003 hata tani 20,000 hazikupatikana. Na Kampuni haikuwa mshahara tu. Ilikuwa posho, shule, hospitali. Ilipolegea, mji mzima ulilegea.

Ndipo, 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa mara moja wakaenda zao. Wakubwa waliita jambo hili kuondoka kwa hiari. Hiari gani, kwa mtu ambaye hajaona mshahara miezi mingi? Kazi nyingine mjini hazikutayarishwa. Wengi walishika sururu wakachimba kwa mikono.

Sasa tutazame Kingamyambo. Matope yale ni mabaki ya mawe waliyochimba baba zetu, yakatupwa. Tangu 2018 Metalkol inayatoa shaba na kobalti. Nayo yatakwisha! Sheria ya migodi ya 2018 inasema: katika kila franka 100 za ushuru wa madini, 15 ni za mji au sekta ya mahali, na 10 ni akiba ya vizazi vijavyo. Tunataka hizo 15 zijenge karakana, mashamba na shule za ufundi kabla matope hayajakwisha, na kitabu cha hesabu zake kisomwe hapa mbele yetu.